Chama cha wazee kina bima yenye jina lake: je, niikate kwa sababu ni chama chetu?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama mzaliwa wa Mtwapa, Kenya, na tangu mwaka 2001 ninaishi mjini Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, nikiwa na uraia wa nchi zote mbili. Karibu muda wote huo nimefanya kazi ya kuwahudumia wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee, na sasa mgongo wangu haukubali tena kumwinua mtu kutoka kitandani. Mwezi wa Novemba mwaka huu wa 2025 nitatimiza miaka 65, na nimeamua kwamba mwisho wa mwezi huo nitaacha kazi. Bima ya afya ninayoitumia ni ya mwajiri, nayo itakoma nitakapoondoka.

Ofisi ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani, imenikadiria dola 1,540 kwa mwezi iwapo nitaanza kulipwa nikiwa na miaka 65. Kodi ya nyumba ninayopanga ni dola 950. Kila mwezi hutuma nyumbani dola 300 kwa ajili ya dawa za mama yangu, ambaye Mungu bado amemweka hai, na karo ya mtoto wa marehemu dada yangu. Benki nina dola 6,800 tu, kwa kuwa akiba nyingine iliingia katika nyumba ninayoijenga Mtwapa, ambayo kuta zake zimesimama lakini haijaezekwa. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu hapa Marekani kwa miaka mingi, alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mzigo wote ni wangu. Nina kisukari kinachonilazimu kutumia insulini, na shinikizo la damu.

Kwa miezi kadhaa sasa sanduku langu la barua limejaa bahasha za makampuni ya bima, na simu haitulii. Rafiki yangu wa kanisani, ambaye ninamheshimu kama dada mkubwa, amenishauri nijiunge na AARP, chama kikubwa cha kutetea wazee, kisha nikate bima ya afya inayobeba jina la chama hicho, kwa hoja kwamba watu wanaotupigania Washington hawawezi kutuuzia kitu kibaya. Wakati huohuo wakala mmoja wa bima alitualika, mimi na wazee wengine, kwa chakula cha mchana katika mkahawa, akatueleza juu ya mpango wa bima uitwao Medicare Advantage usio na malipo ya kila mwezi, wenye matibabu ya meno, miwani na kadi ya kununulia vyakula, akanihimiza nitie sahihi siku hiyohiyo. Nilimwomba muda nikafikiri, naye hajaacha kunipigia simu.

Ninaomba unisaidie. Je, nijiunge na chama hicho? Je, bima yake ndiyo inayonifaa, au ile ya wakala? Na je, kwa fedha hizi nitaweza kuishi hapa bila kuwa ombaomba, au nifungashe virago nirudi Mtwapa? Usingizi umenipaa.

Mjane wa Columbus

*

Mama yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote ninataka nikuambie kwamba hali yako haijafikia pabaya kama unavyoiona usiku wa manane. Unazo haki ambazo hukuzitaja, pengine kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba ni zako, na mojawapo inaweza kubadilisha hesabu yako yote. Hata hivyo nitaanza na ulichoniuliza kwanza, yaani chama, kwa kuwa hapo ndipo rafiki yako, kwa nia njema kabisa, amechanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa.

AARP ilianzishwa mwaka 1958 na Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa California, ambaye mwaka 1947 alikuwa tayari ameunda chama cha walimu wastaafu. Chama chenyewe husimulia kwamba mama huyo alisukumwa na tukio la kumkuta mwalimu mstaafu akiishi katika banda la kuku kwa sababu pensheni yake haikutosha kulipia nyumba wala matibabu. Wakati huo Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, haikuwapo, kwani sheria yake ilipitishwa mwaka 1965, na makampuni ya bima yaliwakimbia wazee kwa kuwaona ni hasara tupu. Andrus alibisha hodi katika kampuni moja baada ya nyingine hadi akapata iliyokubali kuwakatia walimu wake bima kwa pamoja. Ndiyo kusema kwamba utetezi na bima vilizaliwa pamoja katika chama hiki, na mwanzoni kimoja kilikuwa kweli mkono wa kingine.

Leo uhusiano huo ni wa namna nyingine. AARP si kampuni ya bima na haitoi bima. Bima za afya zinazobeba jina lake hutolewa na UnitedHealthcare, ambayo huilipa AARP mrabaha kwa kutumia jina hilo, na jambo hili limeandikwa wazi katika matangazo yenyewe, ingawa kwa herufi ndogo ambazo macho ya wazee huzipita. Mapato ya mrabaha yanakizidi kwa mbali kiasi kinachotokana na ada za wanachama. Hakuna siri wala uvunjaji wa sheria hapo, na chama hueleza kwamba fedha hizo ndizo zinazogharimia kazi zake za utetezi. Lakini kwako wewe maana yake ni kwamba chama kinapokusifia bima yenye jina lake kinakuwa na maslahi katika uamuzi wako, sawa na wakala yule wa mkahawani alivyo na maslahi yake. Hoja ya rafiki yako kwamba anayetupigania hawezi kutuuzia kitu kibaya haisimami, kwa sababu wanaopigania na wanaouza si watu walewale.

Wala sisemi utetezi wao hauna maana. Chama hiki kilikuwa miongoni mwa walioipinga mwaka 2005 hoja ya kuigeuza sehemu ya Social Security kuwa akaunti za watu binafsi, na kiliunga mkono sheria ya mwaka 2022 ambayo imeweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini inayolipiwa na Medicare na, kuanzia mwaka huu wa 2025, kikomo cha mwaka, ambacho safari hii ni dola 2,000, kwa fedha ambazo mgonjwa atatoa mfukoni kwa dawa zilizomo katika mpango wake. Wewe unayetumia insulini utaionja faida hiyo moja kwa moja. Ni kweli pia kwamba si kila msimamo wake umewapendeza wanachama: kilipoiunga mkono sheria ya dawa ya mwaka 2003, maelfu walijitoa kwa hasira. Wako vilevile wanaotetea wazee bila kuuza bima yoyote, kama vile Medicare Rights Center na Alliance for Retired Americans, ambayo ina mizizi katika vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo jiunge na AARP ukitaka sauti yako iongezwe katika sauti ya wengi, ama ukipendezwa na punguzo la bei inalowapa wanachama. Ada yake ni ndogo na huduma kama ile ya kujaziwa fomu za kodi bure na watu wa kujitolea huwafikia hata wasio wanachama. Lakini kujiunga kusiwe sababu ya kukata bima fulani, na kutojiunga kusikutie hofu kwamba utabaki bila mtetezi.

Sasa niingie katika bima yenyewe, na hapa ninakuomba usome polepole, kwa kuwa ndipo kosa lisiloweza kurekebishwa linapotokea.

Kwa kuwa umefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa zaidi ya miaka 10, Sehemu A, inayohusu kulazwa hospitali, utaipata bila malipo ya mwezi. Sehemu B, inayohusu madaktari na vipimo, inalipiwa dola 185 kwa mwezi mwaka huu wa 2025. Muda wako wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Kwa kuwa bima ya mwajiri itakufikisha mwisho wa Novemba, jiandikishe Sehemu B ndani ya Novemba ili ianze tarehe 1 Desemba, pasiwe na siku hata moja ya pengo. Ukichelewa bila bima ya kazini, Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 ya kuchelewa, na nyongeza hiyo haiondoki maisha.

Medicare peke yake haikulipii kila kitu. Mwaka huu wa 2025, kila kipindi cha kulazwa kinakudai dola 1,676 kabla Sehemu A haijaanza kulipa, na kwa Sehemu B utabeba asilimia 20 ya gharama bila kikomo. Watu huziba pengo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni bima ya nyongeza iitwayo Medigap, ambayo unailipia kila mwezi na ambayo hukuacha uende kwa daktari yeyote anayepokea Medicare. Ya pili ni Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi huchukua nafasi ya Medicare na kukuhudumia kupitia madaktari na hospitali zilizo katika mtandao wake, mara nyingi kwa sharti la kuomba idhini kabla ya matibabu makubwa.

Mama, sheria ya nchi inakupa miezi sita, kuanzia siku Sehemu B itakapoanza ukiwa na miaka 65 au zaidi, ambamo kampuni yoyote inayouza Medigap katika jimbo lako hairuhusiwi kukukataa wala kukuongezea bei kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Kwako muda huo utaanza tarehe 1 Desemba na kufungwa mwisho wa Mei. Ukishapita, katika majimbo mengi, Ohio ikiwemo, kampuni inaweza kuchunguza afya yako na kukukatalia, isipokuwa katika hali chache maalumu. Mwenye afya njema anaweza kucheza na muda huu, lakini wewe huwezi. Hili ndilo jambo ambalo wakala hakukwambia alipokuhimiza utie sahihi siku hiyohiyo, kwa kuwa ukianza na Medicare Advantage kisha ukataka kutoka baada ya miaka mitatu, minne, mlango wa Medigap unaweza kuwa umefungwa. Ipo nafuu moja: anayejiunga na Medicare Advantage mara tu anapofikisha miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu, na akirudi Medicare ya kawaida ndani ya muda huo anaweza kukata Medigap bila kuulizwa juu ya afya yake.

Je, Medigap utakayokata iwe ile yenye jina la AARP? Jibu ni kwamba mipango ya Medigap hupewa herufi, na mpango wa herufi fulani lazima ugharimie matibabu yaleyale bila kujali kampuni inayouuza. Mpango G wenye jina la chama cha wazee na Mpango G wa kampuni usiyoijua vinakulipia sawasawa. Tofauti ni bei, na jinsi bei hiyo itakavyopanda. Kwa hiyo usiulize ni ya nani, uliza ni kiasi gani leo, na itakuwaje nikiwa na miaka 75. Kampuni nyingine hupandisha bei kadiri umri unavyosonga, nyingine hutoza wote bei moja, na nyingine huanza na punguzo ambalo hupungua mwaka hadi mwaka hadi likaisha. Bima yenye jina la AARP inaweza kuwa nafuu kuliko zote mtaani kwako, na kama ni hivyo ikate kwa moyo mweupe, lakini uikate baada ya kulinganisha. Pamoja na Medigap utahitaji mpango wa dawa, Sehemu D, na huu pia usiuchelewe.

Kuhusu ule mpango wa wakala, sikuambii ni mbaya kwa kila mtu. Mzee asiyeweza kabisa kulipia Medigap anaweza kupata nafuu ndani yake, mradi ajue kwamba bado atalipa zile dola 185 za Sehemu B, na kwamba akiugua vibaya anaweza kutoa mfukoni hadi dola 9,350 kwa mwaka huu wa 2025 hata akibaki ndani ya mtandao. Lakini liko jambo moja linalokuhusu wewe kipekee. Mipango hii hufungamana na eneo unaloishi, na kwa kawaida ukiwa nje ya eneo hilo kwa zaidi ya miezi sita mfululizo unaweza kuondolewa. Anayepanga kwenda Mtwapa kumuuguza mama yake kwa muda mrefu lazima alifikirie hilo. Medicare yenyewe hailipi matibabu Kenya, ila Mpango G wa Medigap hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura katika siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, na kwa kikomo cha dola 50,000 maisha yako yote.

Ujue pia kwamba kanuni za Medicare zinawakataza mawakala kuwalisha wateja chakula katika mkutano wa kuuza mipango hii; vitafunio vinaruhusiwa, mlo hauruhusiwi. Aliyewalisha mchana ule na kuwasukumia fomu alikiuka kanuni, na una haki ya kumwambia asikupigie tena na kumripoti kwa Medicare. Ninasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona jinsi wazee wetu wanavyoona haya kumkatalia mtu aliyewakirimu, na wauzaji wanaijua haya hiyo vizuri sana.

Sasa tuje kwenye kile usichoniuliza. Umeandika kwamba marehemu mume wako aliendesha malori hapa Marekani kwa miaka mingi. Je, umewahi kuomba Social Security malipo ya mjane? Mjane aliyeolewa angalau miezi tisa kabla ya mume kufariki, na ambaye hakuolewa tena kabla ya miaka 60, anaweza kulipwa kwa rekodi ya kazi ya mume wake kuanzia umri wa miaka 60. Kwa uliyezaliwa mwaka 1960, malipo kamili ya ujane hufikiwa ukiwa na miaka 66 na miezi minane, na ukiomba kwenye miaka 65 utapata zaidi ya asilimia 90 ya kiasi hicho. Usijilaumu kwa miaka iliyopita: aliye kazini kabla ya umri kamili wa kustaafu, yaani ule wa kulipwa bila kupunguzwa, akipata zaidi ya dola 23,400 mwaka huu wa 2025 huzuiliwa dola moja kwa kila dola mbili za ziada, kwa hiyo mshahara wako ungeila sehemu ya malipo hayo.

Uzuri wake ni huu, kwamba malipo ya ujane na malipo yako mwenyewe hayalazimiki kuombwa pamoja. Zile dola 1,540 zimepunguzwa kwa sababu ungeanza kulipwa mapema. Kwa kuwa kwa malipo yako mwenyewe umri kamili ni miaka 67, rekodi yako ingekupa karibu dola 1,777 ukisubiri hadi hapo, na karibu dola 2,200 ukisubiri hadi miaka 70, kabla ya nyongeza za kila mwaka za gharama za maisha. Iwapo rekodi ya mume wako ni nzuri, unaweza kuishi kwa malipo ya ujane sasa na kuiacha yako ikue. Na kama ya mume ndiyo itakayokuwa kubwa zaidi mwishoni, unaweza kufanya kinyume chake. Lakini lazima umwambie ofisa kwa maneno ya wazi, na uhakikishe ameandika, kwamba unaomba malipo ya aina moja tu, ukiiweka kando nyingine. Nenda na cheti cha ndoa, cheti cha kifo na namba ya Social Security ya marehemu. Na ukiona Kiingereza cha ofisi kinakuchanganya, omba mkalimani, ambaye ofisi hiyo humtoa bila malipo.

Tuipige hesabu yako kama ilivyo leo. Dola 1,540 ukitoa 185 za Sehemu B zinabaki 1,355. Ukitoa kodi ya nyumba zinabaki 405. Ukituma 300 nyumbani unabaki na 105 za chakula, umeme, simu, Medigap na dawa. Haiwezekani, na hakuna bima itakayoifanya iwezekane. Ndiyo maana pamoja na malipo ya ujane ninataka uulize juu ya mpango wa jimbo wa kuwalipia wazee wa kipato kidogo gharama za Medicare. Kwa mwaka 2025, mtu mmoja mwenye kipato kisichozidi dola 1,781 kwa mwezi, na akiba isiyozidi dola 9,660, anaweza kulipiwa Sehemu B yote, na anayekubaliwa huko hupata moja kwa moja msaada wa kupunguza bei ya dawa uitwao Extra Help. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi kuwa akiba. Nyumba ya Mtwapa huishi humo, kwa hiyo inaweza kuhesabiwa. Usiifiche hata kwa ushauri wa mtu, mweleze ofisa iko wapi, imefikia wapi na kiwanja kiko kwa jina la nani, kisha umwachie aamue. Maombi hupelekwa katika ofisi ya kaunti ya Job and Family Services. Ujue tu kwamba malipo ya ujane yakikupandisha juu ya kikomo msaada wa Sehemu B utaukosa, ingawa Extra Help ina kikomo cha juu zaidi.

Juu ya zile dola 300 nitasema kwa upole. Kumtunza mama ni fahari yako na sikushauri uache. Lakini mwajiri wako ndiye aliyekuwa akizituma kupitia mkono wako, na mwajiri huyo anaondoka. Waite ndugu zako wa Mtwapa na Mombasa, uwatajie kipato chako kipya kwa tarakimu, mgawane dawa za mama na karo ya kijana. Paa la nyumba lingoje mpaka ujue malipo ya ujane ni kiasi gani.

Na kurudi nyumbani? Raia wa Marekani hulipwa Social Security hata akiishi Kenya, kwa hiyo fedha hizo zingekwenda nawe, na zingefika mbali zaidi Mtwapa kuliko Columbus. Kikwazo ni matibabu. Kenya ungejiandikisha katika bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ambayo kwa asiye na mshahara hutoza asilimia 2.75 ya kipato cha kaya kinachokadiriwa, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Lakini ukiacha kulipia Sehemu B ukiwa huko kisha ukahitaji kurudi kutibiwa figo au moyo, itabidi usubiri kipindi cha Januari hadi Machi ili ujiandikishe tena, pamoja na ile nyongeza ya kuchelewa. Kwa ugonjwa ulio nao ningekusihi usiuvunje uhusiano wako na Medicare mwaka huu. Nenda ukae na mama miezi miwili, uone kliniki za kisukari zilizo karibu na insulini inauzwaje, ndipo uamue.

Kwa haya yote unahitaji mtu wa kukaa nawe ana kwa ana ambaye hapati chochote kutokana na utakachochagua. Yupo. Kila jimbo lina huduma ya bure ya ushauri wa Medicare inayogharimiwa na serikali, na ya Ohio inaitwa OSHIIP, iliyo chini ya idara ya bima ya jimbo. Mshauri wake atakuwekea mbele bei za Mpango G za kampuni zote zinazouza mtaani kwako, ile yenye jina la AARP ikiwa mojawapo, atakuchagulia mpango wa dawa kwa kuangalia orodha ya dawa zako, na atakusaidia kujaza fomu za msaada wa jimbo. Omba miadi mapema, kwa kuwa kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7 wazee wote wa Medicare huruhusiwa kubadilisha mipango yao na foleni huwa ndefu. Nenda na orodha ya dawa pamoja na vipimo vyake, majina ya madaktari wako, taarifa ya benki, na barua ya Social Security.

Lakini anza na Social Security, juma hili kama inawezekana, kwa sababu kiasi cha malipo ya mume wako ndicho kitakachoonyesha kama unaingia katika msaada wa jimbo, kama unaweza kumudu Medigap, na kama paa la Mtwapa linaweza kuezekwa mwakani. Ukishapata jibu lao niandikie tena, tuipige hesabu upya kwa tarakimu za kweli.